Iko mu Kashe

Pale Ndosho, mtaa wa Goma, tulimwita Mwalimu wa Kutu, na jina hilo lilimletea wateja wasiomhusu. Kuna baba mmoja alifika na tanki la pikipiki lililoliwa lote na kutu, akaliweka mezani juu ya klaviye ya kompyuta, akasema, "Mwalimu, nimesikia ni wewe munganga wa kutu." Mwalimu hakucheka. Alilisogeza tanki taratibu, akapangusa meza, akamweleza kwamba Kutu ni luga ya kuandikia mashine, kwamba wenye luga waliipa wenyewe jina hilo, Rust, na kwamba yeye hana dawa ya chuma. Yule baba akawaza kidogo. "Sasa kama unajua luga yake, ambia kutu itoke mu tanki yangu." Sisi wanafunzi tulikufa kwa kicheko. Mwalimu akainuka akamtafutia msasa.

Sitasema alizaliwa wapi. Wengine walisema Butembo, wengine Rutshuru, na yeye ukimuuliza alijibu, "Nilitoka nyumbani," maongezi yakaishia hapo. Nilimkuta tayari ana mvi, ana koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua likiwaka, na viatu vyeusi vilivyokwaruzwa na mawe ya volkano kama viatu vyetu vyote. Alikula ugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kila siku ya Mungu, tena akiwa amesimama. Mke hatukumwona, mtoto hatukumsikia. Chumba chake kilikuwa cha mbao juu ya msingi wa mawe, dirisha moja linatazama barabara, na ndani mashine ikinguruma polepole kama mtu anayelala chumba cha pili.

Mimi nilikwenda kwake na diplome na kiburi. Nilikuwa nimemaliza informatique, masomo ya kompyuta, nikadhani nitamfundisha yeye. Alinipa kazi ndogo, mistari michache, na kompilateri, ile programu inayokagua maandishi, ikaikataa. Nikarekebisha, ikakataa. Nikarekebisha tena, ikakataa na kuongeza maneno. Nikamwambia usoni kwamba luga yake ni ya wachawi. Akanijibu kwa ile sauti yake ya chini: "Afazali mashine ikukatalie asubui kuliko ikudanganye mangaribi, mama mukali." Ndiyo jina alilonipa, Mama Mukali, na sikulipinga kwa sababu lilikuwa langu.

Katika Kutu kila kitu kina mwenyewe mmoja tu. Wengine wanaweza kuazima, lakini lazima warudishe, na mwenyewe akiondoka kitu chake kinatupwa papo hapo. Kompilateri inakagua yote hayo kabla programu haijatembea hata hatua. Mwalimu aliishi hivyo hivyo. Ukishika kalamu yake alikuuliza, "Umeazima ao umechukua?" na ukisema umeazima, alisimama pembeni yako mpaka uirudishe. Siku moja padri alikuja kututembelea, akaondoka na kalamu mfukoni. Mwalimu alimfuata mpaka kwenye rond-point, ule mzunguko wa magari. Tuliona haya sote isipokuwa yeye.

Sasa kazi yenyewe. Vita viliposukuma watu kutoka milimani, familia zilipotezana njiani: mama anafika na watoto watatu badala ya wanne, mzee anafika peke yake. Walikuja dirishani kwetu, wakatupatia jina la waliyempoteza, picha kama ipo, mahali alipoonekana mwisho. Mwingine naye alikuja kusema amemwona fulani mahali fulani. Mwalimu alikuwa amejenga ghala la kuweka hayo yote. Unatoa ufunguo, ghala linakurudishia kitu kizima: jina, picha, habari. Anayetafutwa akiwemo ghalani, mashine ilijibu IKO. Asipokuwemo, ilijibu HAIKO. Mwalimu alitaka maneno ambayo hata bibi asiyejua kusoma atayaelewa akisomewa, na sisi watu wa Goma tunasema iko kwa mtu, kwa mbuzi na kwa sufuria.

Ghala la kwanza, lile ambalo yeye hakuliandika, lilitumia majina kuwa funguo. Ebu fikiri! Kwa Wanande, watu wa upande wa Butembo, mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, awe wa tajiri awe wa maskini. Kila Kambale aliyeingia alimfukuza aliyetangulia na kukaa kwenye nafasi yake. Mama mmoja aliuliza Kambale wake, akaonyeshwa picha ya mwanaume mwenye ndevu. Alitazama sana, akauliza, "Mumemupatia nini, mbona amekomaa hivi?" Mwalimu alifuta kila kitu, akaandika upya kwa Kutu. Ufunguo ukawa jina la mtoto pamoja na jina la mama yake na mahali alipolala usiku wa mwisho nyumbani. "Kambale ni bengi," alisema, "lakini mama wa kila mumoja ni mumoja."

Na ndipo tulipofika kwenye kashe, ambayo ndiyo inanifanya niandike haya. Kusoma kutoka kwenye diske kunachukua muda, na dirishani kulikuwa na foleni. Kwa hiyo vitu vinavyoulizwa mara kwa mara mashine iliviweka karibu, kwenye kumbukumbu ya umeme. Mwalimu alitufundisha kwa mambo ya jikoni: gunia la chumvi liko chumbani, hiyo ndiyo diske, lakini chumvi kidogo iko kwenye kikopo karibu na moto, hiyo ndiyo kashe. Kikopo ni kidogo. Kikijaa, kinachotolewa ni kile ambacho hakijaulizwa siku nyingi. Anayeulizwa anabaki, asiyeulizwa anatoka. Na umeme ukikatika, kikopo chote kinamwagika. Ndiyo maana juu ya bati palikuwa na panno ya jua, na chini ya meza betri kubwa ambayo Mwalimu aliipangusa kila asubuhi kuliko alivyopangusa viatu vyake.

Programu ilitembea miaka bila kuanguka. Ya Kutu haianguki ovyo, hilo nalikubali hata leo. Lakini ndani yake mlikuwa na kosa, na kosa lilikuwa la Mwalimu mwenyewe: ukimfuta mtu, programu ilimfuta kwenye diske, ikamsahau kwenye kashe.

Tulilijua kosa hilo kwa njia mbaya. Mwanamke mmoja alikuja kumtoa kaka yake kwenye orodha ya wanaotafutwa, maana walikuwa wamempata na kumzika. Mwalimu akafuta mbele yake, akampa pole. Asubuhi iliyofuata mdogo wake wa kike alipita dirishani, na sijui ni kwa uchungu au kwa kujaribu tu, akasema, "Niulizieni kaka." Mashine ikajibu IKO. ANATAFUTWA. Na picha ya marehemu ikatokea, anatabasamu, kofia kichwani. Yule dada hakulia. Alirudi nyuma kinyumenyume mpaka barabarani, pikipiki nusura imgonge. Kuanzia siku hiyo watu wakasema mashine ya Ndosho inakataa kuachilia wafu. Wengine walikuja makusudi kuuliza babu zao waliokufa zamani, na wakijibiwa HAIKO walikasirika kana kwamba tumewafungia mlango babu zao.

Mwalimu alikaa siku nzima akisaka kosa. Jioni alilipata, akaandika sahihisho, mstari mmoja tu, akatuonyesha. "Kompilateri inakamata mwizi," akasema kwa aibu. "Haikamate mwongo." Ilibaki kuizima programu na kuiwasha upya ili ichukue mstari mpya. Akasema tutaiwasha kesho asubuhi, kabla ya foleni.

Kesho asubuhi akaja Mama Kambale.

Mama huyu, si yule wa picha ya ndevu, alikuwa wa Kibati, anauza maharage, na alizoea kumuulizia mtoto wake kwetu. Kambale wake alipotea kwenye mkimbio akiwa na miaka kumi na sita. Siku mbili kabla, baba mdogo wa kijana alikuwa amekuja kwetu, uso umemshuka, pamoja na mtu aliyeshuhudia. Kambale alikufa kilimani, wamemfukia huko huko, hakuna njia ya kumrudisha. Akaomba tumfute. Na akaomba jambo moja zaidi: "Musimuambie mama yake. Iko na tension ya damu. Tutamuambia siye wenyewe, pole pole." Mwalimu akaitika. Akafuta.

Sasa mama anasimama dirishani, ananusa baridi ya asubuhi, kikwembe kimefungwa kichwani. "Mwalimu, niulizie mutoto wangu." Mwalimu alidhani atapata HAIKO na kumpeleka kwa shemeji yake, yule baba mdogo wa kijana. Alisahau kwamba programu ilikuwa bado ya zamani. Akaandika. IKO. ANATAFUTWA. Na Kambale akatutazama, macho makubwa, shati la shule.

Mwalimu alinigeukia. Akanong'ona, "Angalia, ku diske haiko. Iko mu kashe tu."

Mama alisikia. Masikio ya mzazi, nani atayaziba? "Kashe?" akauliza. "Iko kashe?"

Kifaransa cha kashe tunakijua sote, hata aliyesoma mwaka mmoja. Caché ni aliyefichwa. Na kwetu, milimani, mwenye silaha anapopita kijiji akitafuta wavulana, mvulana aliyefichwa ndiye aliyeokoka. Hakuna habari nzuri kuliko hiyo. Mama akapiga makofi, akapiga tena, akajiziba mdomo kwa hofu ya kusikika. "Aksanti Yezu! Alijificha! Mutoto wangu alijificha!" Mwalimu alifungua mdomo. Mama akamwekea kidole kwenye midomo, mwanamke asiye hata ndugu yake, kupitia dirishani. "Usiniambie fashi anajificha. Ukisema fashi, batamukamata." Akaondoka karibu akiruka.

"Mwalimu, mukimbilie umuambie!" nilisema.

"Habari ya kifo inabebwa na ndugu," akajibu. "Mi siko ndugu yake."

Na ni kweli, ndivyo ilivyo kwetu. Mgeni hatangulii mlangoni na kifo. Alimtumia shemeji ujumbe, shemeji akasema wiki ijayo. Wiki ijayo akasema baada ya mavuno. Kisha akahamia upande wa Butembo na simu yake ikawa haipatikani. Wanaume wa namna hii mimi ningewachapa.

Kila Jumatatu mama alikuja. "Mwalimu, angali kashe?"

"Angali, mama."

Hilo tu. Hakuuliza zaidi, aliogopa kujua. Alileta viazi vilivyochemshwa, akaviacha dirishani. Na msimu wa baridi ulipofika alileta sweta alilofuma mwenyewe, la bluu. "Kule milimani kuko baridi. Munifikishie." Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mashine. Mwaka uliofuata akaleta jingine, kubwa zaidi. "Sasa atakuwa anaanza kupata mabega ya baba yake." Mwaka wa baadaye jingine, pana kabisa, la mwanaume mzima. Wageni walioingia waliona masweta yale yamepangana ukutani na kuuliza ni ya nani. Mimi nilihamisha kiti changu ili nisiyape mgongo.

Na sahihisho? Sahihisho lilikaa pale pale, limeandikwa, limejaribiwa, halikuwashwa. Maana kuizima programu ni kumwaga kashe, na kumwaga kashe ni kumtoa Kambale. Mwalimu huyo huyo aliyemfuata padri kwa ajili ya kalamu! Aliyekuwa akitufundisha kwamba code haina ndugu! Ili wengine wasidanganywe alisimama dirishani mwenyewe kutwa nzima, na kwa kila jina alilisoma ghala mara mbili, kwanza kwenye kashe kisha kwenye diske kwa mkono, miguu inamvimba ndani ya vile viatu. Kazi ambayo mstari mmoja ungeifanya.

Nilimgombeza mbele ya wote. "Umedanganya mama wa watu!"

"Sikudanganya. Sikuandika kitu. Kuandika uongo ku diske, hapana, siwezi. Mi niliacha tu kufuta."

"Sasa tofauti ni gani?"

"Siku kuran itakatika, umeme wote uzimike, mashine itasahau yenyewe. Hiyo itakuwa ya Mungu."

"Na betri unayopangusa kila asubui, hiyo ni ya nani?"

Alichukua kitambaa akaendelea kupangusa betri. Nilitaka kumcheka nikashindwa, nilikuwa naogopa.

Kuna wakati mama alikosa kuja Jumatatu mbili. Niliingia chumbani kuchukua chaja yangu, nikamkuta Mwalimu ameinama kwenye klaviye, peke yake, hakuna mtu dirishani. Kwenye kioo Kambale anatazama, na shati lake la shule. Mwalimu akafunga, akaandika tena ufunguo, jina la mtoto, jina la mama, Kibati. IKO.

"Ni nani anamuuliza?" nikasema.

"Mama yake iko na malaria." Hakugeuka. "Kama hakuna mutu anamuuliza, atatoka."

Nikapaza sauti. "Mwalimu, unamulisha mufu!"

"Simulishe. Naulizia tu."

Niseme na mazuri yake, maana nilimpenda, na hasira yangu yote ilitoka humo. Hakuna mwanafunzi aliyefukuzwa kwa kukosa cha kulipa. Aliwapata watu: mapacha wa Masisi waliorudishiwa bibi yao, mzee aliyelia akishika mkono wa mkewe kupitia dirisha letu. Alifurahi kwa namna yake, alifungua kifungo kimoja cha koti. Na alikuwa mwoga wa ajabu. Mlima ulipong'aa mwekundu jioni, alilaza mikoba yake mlangoni tayari kukimbia, kisha alikumbuka mashine na kuirudisha mikoba ndani. Alikuwa akisema, "Mutu wa Goma ni mutu wa kuazima. Mulima ukitaka fashi yake, utamurudishia." Lakini mashine hakutaka kuirudisha kwa yeyote.

Vita vilipoingia mjini, sisi tulijifungia ndani na kulala sakafuni. Umeme ulikatika mji mzima, na maji pia. Mimi, Mungu anisamehe, katikati ya milio ile niliwaza betri. Mambo yalipotulia nilishuka Ndosho. Mlango wa Mwalimu ulikuwa umevunjwa. Mashine imekwenda, betri imekwenda, viti, hata sufuria ya sambaza. Panno ya juu ya bati ina tundu la risasi katikati. Waporaji walichukua hadi nyaya ukutani. Lakini masweta yalikuwa pale, kwenye misumari yake, hakuna mkono ulioyagusa. Mwizi gani wa Goma anaacha sweta jipya? Sikuingia. Niliita jina lake kutoka barabarani, nikarudi.

Jirani hakujua alikoenda. Wengine walisema ameonekana Bunagana anavuka kwenda Uganda, wengine walitikisa vichwa tu. Hakuna dirisha lililobaki la kwenda kuulizia mtu.

Kisha mama mmoja wa sokoni akaniambia, kama anayetaja bei ya viazi, "Ule Mwalimu wenu, nasikia kuko kilio juu yake. Kibati."

Nilinunua sukari, nikachukua moto, ile pikipiki ya kukodi. Njia nzima ya kwenda Kibati nililia mgongoni kwa motari wa watu. Akaniuliza, "Mama, ni nani alikufa?" Nikamwambia ni mwalimu wangu. "Pole," akasema, akapunguza mwendo kwenye mawe kwa heshima. Tulipofika kwenye ua wa kilio, wanawake wameketi kwenye mikeka, moto unafuka, na mlangoni pa ua, juu ya kigoda, ameketi Mwalimu, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote.

Nilipiga kelele. "Mwalimu!" Akainua kichwa akaniangalia.

"Mama," akanong'ona motari, "si huyu ndiye ulisema amekufa?" Hakungoja jibu wala pesa yake. Aligeuza pikipiki yake akaondoka.

Mama Kambale ndiye aliyekuja kunishika mkono. Alikuwa amekonda, macho makavu. Aliniketisha kwenye mkeka, akanieleza bila kupandisha sauti. Bunduki ziliponyamaza tu, alitembea kutoka Kibati hadi Ndosho kwa miguu kumuuliza mtoto wake. Alimkuta Mwalimu amekaa mbele ya mashine iliyozimika, kabla waporaji hawajafika. Aliuliza kama kawaida. Mwalimu akakosa mahali pa kutazama, akamweleza yote: shemeji, kilima, kashe.

"Wewe ulimugombeza, alinieleza," akaniambia. "Aksanti kwa hiyo. Lakini sikia. Miaka yote ile Kambale alikuwa anakuya hapa."

"Wapi, mama?"

Akaonyesha migomba nyuma ya nyumba. "Pale. Anasimama, ananiangalia. Mi nawaza ametoka kidogo kwenye anajificha, amekuya kuona mama yake. Nikimutazama, batu batamujua, batamukamata. Basi nageuza macho. Kila mara anakuya, nageuza macho." Akashika kikwembe chake kwa nguvu. "Mutoto anakuya mama yake amulilie, na mama anamunyima macho. Ni huyu alinifanya hivi. Alisema kashe, na kweli ilikuwa kashe. Ni yeye alificha."

Nilitazama ile migomba, nikajuta. Majani yalikuwa yametulia kabisa, na upepo ulikuwepo.

"Na sasa?" nikauliza.

"Sasa nimemuweka ku mulango. Kila mutu anakuya ku kilio anauliza, na yeye anajibu. Alijua kujibu, aendelee." Kisha akanisukuma begani, si kwa ubaya. "Wewe uliingia na kelele, hukuuliza. Toka. Ingia vizuri."

Jirani mmoja aliinama sikioni kwangu wakati nasimama. Siku ya tatu hii, akasema, na mama hajatoa chozi. Hawezi. Wanawake wanalia kwa zamu, yeye anawatazama.

Nilitoka mpaka barabarani. Niligeuka, nikaja mlangoni na sukari yangu mkononi. Mwalimu alisimama. Kwa karibu hivyo niliona amezeeka, ndevu zimeota nyeupe, midomo imepasuka kwa vumbi.

"Mwalimu," nikasema, "Kambale iko?"

"Haiko," akajibu, chini chini, sauti ile ile ya dirishani.

Nyuma yake mama alikuwa amesimama, anangoja, macho makavu. Niliona kwamba ndivyo alivyojibu siku zote tatu, wageni wote, haiko, haiko, na ndiyo maana mama hajaweza kulia. Hasira yangu yote ya miaka ikanipanda.

"Hiyo ni neno ya mashine," nikamwambia. "Haiko ni mutu ameenda sokoni. Mi sijaulize mashine, nimeuliza wewe."

Aliweka mikono kwenye mifuko ya koti, akaitoa. Akageuka kwa mama badala yangu.

"Mama," akasema, na sauti ikapanda, watu wa barabarani wakasimama, "Kambale alikufa. Mutoto wetu alikufa."

Mama Kambale alielekeza uso kwenye migomba, moja kwa moja, akatazama, na yowe likamtoka. Wanawake wakamwahi kabla hajafika chini. Mimi niliangusha sukari ikamwagika yote kwenye mawe. Mwalimu alipiga hatua kwenda kwao, kisha akarudi kwenye kigoda chake akasimama, kwa sababu nyuma yangu alikuwa anafika mzee mwingine na fimbo yake, naye alikuwa anakuja kuuliza.